TAMUTAMU TUNAZOZINUNUA: ASILI YAKE NA NAMNA YA KUZICHAGUA

Hakuna nyumba katika pwani yetu isiyokuwa na desturi ya tamutamu. Mgeni akiingia hukaribishwa kwa halua na kahawa chungu. Harusi haipendezi bila ya sinia kupita. Na siku ya Idi watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakirudi na kashata, visheti na labania. Hivi sasa imeongezeka desturi nyingine. Jamaa zetu wanaokuja kututembelea kutoka Maskati, Dubai na Ulaya huja na masanduku ya chokoleti, na maduka makubwa ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam nayo yamejaza rafu. Mtu akitaka kumpelekea mkwewe zawadi, husimama na fedha yake mkononi asijue alichukue lipi: lenye utepe wa dhahabu au lile la bei nafuu, la Ubelgiji au la Uturuki?

Laonekana kuwa ni jambo dogo, lakini si dogo. Mali tutaulizwa tumeipata wapi na tumeitumia katika nini, na chakula kinachoingia tumboni kina hukumu yake. Mwenye kutaka kuchagua vizuri yampasa kwanza ajue kitu kile kimetoka wapi na kimepita katika mikono ya nani. Basi hebu na tuitazame historia yake, kisha tuje kwenye shauri la kununua.

ASILI YA SUKARI

Neno letu "sukari" tumelipokea kwa Waarabu, na Waarabu wakalipokea kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa Bara Hindi, ambao katika lugha yao ya kale waliiita sharkara. Njia liliyopita neno ndiyo njia kiliyopita kitu chenyewe. Wahindi ndio waliotangulia kujua kuyachemsha maji ya miwa mpaka yakaganda chembechembe. Waislamu walipoifungua nchi ya Uajemi waliikuta kazi hiyo, wakaichukua na kuieneza Iraki, Shamu, Misri, Sicily na Andalusia, pamoja na elimu ya kuchimba mifereji ya kuinyweshea miwa. Hata neno candy wanalolitumia Waingereza kwa peremende asili yake ni qand, yaani sukari iliyoganda.

Utamu haukuwa jambo geni katika Uislamu. Imepokewa kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Na asali imetajwa katika Sura ya Nyuki kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Kwa hiyo haikuwa ajabu kuwa mafundi wa Baghdad walipoipata sukari waliiendeleza sana. Katika karne ya 10 Ibn Sayyar al-Warraq alitunga kitabu kikubwa cha mapishi ya mji huo, na ndani yake mna milango mizima ya tamutamu za lozi, sukari na maji ya mawaridi. Msafiri Nasir Khusraw alipokuwa Cairo baina ya mwaka 1047 na 1050 aliona katika karamu ya Idi ya mfalme wa Kifatimi mti uliotengenezwa mfano wa mchungwa, matawi yake na majani yake yote kwa sukari.

Halua yetu ni ya ukoo huo. Imetufikia kwa njia ya Oman: wanga, sukari, samli, hiliki, zafarani na arki, hukorogwa katika sufuria kubwa ya shaba kwa saa nyingi bila ya mkono kupumzika. Mpishi wa halua hawezi kuondoka motoni hata kidogo, kwani akighafilika inashika chini na kazi yote imepotea. Tulijue hilo kabla ya kuidharau halua kwa sababu haikufungwa karatasi inayong'aa.

JINSI UTAMU ULIVYOINGIA UCHUNGU

Mwaka 1493 Columbus, katika safari yake ya pili, aliipeleka miwa katika visiwa vya Karibi. Hapo ndipo palipoanza msiba mkubwa. Miwa yataka watu wengi: kuilima, kuikata na kuikamua upesi kabla haijaharibika, na kukesha juu ya masufuria yanayochemka. Wenyeji wa visiwa vile waliangamia kwa maradhi na dhulma, na Wazungu wakageukia Afrika. Kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa katika marikebu kuvushwa bahari ya Atlantiki, na idadi kubwa kabisa waliishia katika mashamba ya miwa. Sukari ikawa rahisi huko London na Paris, na sababu ya urahisi wake ni kuwa aliyeilima hakulipwa.

Wala tusidhani kuwa jambo hili liliwahusu Wazungu peke yao. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyomilikiwa na matajiri wa Kiarabu, na waliofanya kazi humo walikuwa watumwa. Sukari yake iliuzwa Unguja na kupelekwa Arabuni. Abushiri bin Salim, yule aliyewapiga Wajerumani vita mwaka 1888 mpaka wakamnyonga Pangani mwezi wa Disemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa huko. Twamkumbuka kwa ushujaa wake, na ni haki kumkumbuka. Walakini haki hiyo hiyo yatutaka tuwakumbuke na wale waliolilima shamba lake, ambao majina yao hayakuandikwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897 na ya Tanganyika mwaka 1922. Hizi si zama za mbali. Wapo wazee miongoni mwetu ambao babu zao waliziona.

KAKAO NA CHOKOLETI

Ama chokoleti, asili yake ni mbegu za mti uitwao mkakao, unaoota katika nchi za joto la Amerika. Tunda lake ni kubwa mfano wa embe refu, huota katika shina lenyewe, na ndani yake mna mbegu kiasi cha thalathini au arubaini zilizofunikwa kwa nyama nyeupe. Mbegu hizo huvundikwa siku kadhaa, kisha huanikwa juani, kisha hukaangwa. Bila ya kuvundikwa hazipati ile ladha tuijuayo.

Watu wa Maya na Waazteki wa Meksiko walizisaga wakafanya kinywaji kichungu, wakati mwingine wakitia pilipili, na mbegu zenyewe zilikuwa fedha yao sokoni. Wahispania waliouteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521 wakaichukua kakao kwao, wakaitia sukari, na kwa muda mrefu ikawa kinywaji cha mabwana wakubwa. London ilifunguliwa nyumba ya kuuza chokoleti ya kunywa mwaka 1657.

Chokoleti ya kutafuna ni jambo la juzi tu. Mwaka 1828 Mholanzi van Houten alipewa haki ya chombo cha kukamua mafuta ya kakao. Mwaka 1847 kiwanda cha Fry cha mji wa Bristol kikachanganya unga wa kakao, sukari na mafuta yale yale, kikatoa kipande cha kuliwa. Mwaka 1875 Daniel Peter wa Uswisi akatia maziwa. Mwaka 1879 Rodolphe Lindt, Mswisi mwenziwe, akagundua kuwa ikisukwasukwa kwa muda mrefu huwa laini ikayeyuka ulimini. Na mwaka 1912 Jean Neuhaus wa Brussels akatengeneza chokoleti zenye kujazwa ndani, ambazo ndizo tunazoziona leo zimepangwa masandukuni kila moja katika kikombe chake cha karatasi.

KISA CHA SÃO TOMÉ

Sasa sikiliza kisa hiki, msomaji, kwani ndani yake mna mazingatio.

Viwanda vikubwa vya chokoleti vya Uingereza, yaani Cadbury, Fry na Rowntree, vilikuwa mikononi mwa watu wa madhehebu ya Kikristo yaitwayo Quaker. Watu hawa walijulikana kwa ucha Mungu wao. Hawakunywa ulevi, na wazee wao walikuwa mbele katika kuupiga vita utumwa. Cadbury waliwajengea wafanya kazi wao nyumba nzuri zenye bustani. Lakini kakao waliyoinunua, sehemu kubwa ilitoka katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyokuwa vya Wareno, katika bahari ya magharibi ya Afrika.

Mwaka 1901 William Cadbury alipata tangazo la shamba lililokuwa likiuzwa huko, na ndani ya tangazo wafanya kazi wameorodheshwa na kutiwa bei pamoja na mali nyingine za shamba. Utumwa ulikuwa umeshaondolewa katika sheria za Ureno. Watu wale waliitwa vibarua wa mkataba wa miaka mitano. Lakini walikuwa wakikamatwa katika bara la Angola na kuteremshwa pwani, na mikataba ilipokwisha ilifanywa upya bila ya wao kuulizwa, na waliorejea makwao hawakuonekana.

Basi Cadbury walifanya nini? Waliulizia, wakaandikiana barua na serikali, wakamtuma Joseph Burtt mwaka 1905 akachunguze. Na huku wakaendelea kununua. Mwandishi Henry Nevinson alikwenda mwenyewe Angola na visiwani mwaka 1904 na 1905, akakitoa kitabu mwaka 1906 kuwaeleza watu kuwa utumwa ungaliko. Mwaka 1908 William Cadbury akasafiri mwenyewe, na mwezi wa Machi 1909 ndipo walipotangaza kuwa hawatanunua tena kakao ya São Tomé. Tangu tangazo la kwanza ilikuwa imepita miaka minane.

Gazeti la Standard la London lilikuwa limewaandika mwaka 1908 kuwa ni wanafiki. Cadbury wakalishitaki kwa kuwavunjia heshima, na kesi ikasikilizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909. Waamuzi wakasema Cadbury wameshinda, gazeti limewakosea. Walipotakiwa wataje fidia, wakawapa robo ya peni moja, yaani sarafu ndogo kuliko zote za Uingereza. Kila mtu alifahamu maana yake. Heshima yenu, kwa kadiri ya mlivyonyamaza, thamani yake ni hii.

Msomaji, watu wale hawakuwa makatili. Walikuwa watu wa sala na sadaka. Kosa lao ni kuwa walijua, au walikuwa na sababu ya kutosha ya kujua, na faida ikawafanya waone kuwa bado mapema. Nasi ni mara ngapi twajua jambo kisha tukasema, ngoja kwanza?

HALI YA LEO

Kakao ilihama. Tetteh Quarshie alileta mbegu zake kutoka kisiwa cha Fernando Po mpaka nchi ambayo leo ni Ghana, mwishoni mwa miaka ya 1870, na katika muda wa miaka thelathini na kitu wakulima wadogo wa nchi hiyo, kwa jembe lao wenyewe, waliifanya kuwa ya kwanza duniani. Baadaye Kodivaa ikaipita. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki kakao hulimwa Kyela na Kilombero katika Tanzania, na Bundibugyo katika Uganda.

Lakini dhulma haikukoma yote. Mwezi wa Septemba 2001 wenye viwanda walitia sahihi mapatano huko Marekani ya kuondoa kazi mbaya za watoto katika mashamba ya kakao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walipotoa taarifa yao mwaka 2020 walikisia kuwa katika Kodivaa na Ghana watoto wapatao milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi za kakao katika msimu wa 2018 na 2019, wengi wao kazi za hatari kama vile kushika panga na kubeba mizigo mizito. Wengi hufanya kazi pamoja na wazee wao, kwa kuwa baba hapati bei ya kumwezesha kumlipa mtu mzima. Hapo utaona kuwa lawama haimwangukii mkulima peke yake. Inapanda mpaka kwa mwenye kiwanda, na inateremka mpaka kwetu sisi tunaotaka kilicho kitamu na rahisi kwa pamoja.

NAMNA YA KUCHAGUA

Baada ya kuyajua hayo, tuingie dukani.

Kwanza, geuza sanduku usome nyuma. Wazee wamesema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Utepe na picha ni za kujitembeza, habari ya kweli imeandikwa kwa herufi ndogo. Vitu hutajwa kwa kufuata uzito wake: kinachotangulia ndicho kingi. Ikiwa cha kwanza ni sukari, na cha pili ni mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea, umeshika sukari na mafuta yaliyotiwa rangi ya kakao. Chokoleti yenyewe hufanywa kwa mafuta ya kakao. Sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 huruhusu mafuta mengine yasiyozidi asilimia 5. Ukiona imeandikwa asilimia 70, maana yake ni kakao pamoja na mafuta yake, na sehemu iliyobaki kubwa yake ni sukari. Ama chokoleti nyeupe, hiyo ina mafuta ya kakao tu bila ya unga wake. Jambo hili limekuwa muhimu zaidi tangu mwaka 2024, bei ya kakao ilipopindukia dola 10,000 kwa tani, kwani viwanda vingi vilipunguza kakao au vikapunguza ukubwa wa kipande na sanduku likabaki vile vile. Angalia uzito ulioandikwa, usiangalie upana wa sanduku.

Pili, hakikisha uhalali wake. Chokoleti nyingi za Ulaya za kujazwa zimetiwa ulevi ndani, na ndizo zinazofungwa vizuri kabisa. Ukiona maneno liqueur, rum, brandy, kirsch au champagne, irudishe rafuni. Usiseme ni tone tu. Tamutamu za kuvutika, na zile nyeupe laini kama pamba, mara nyingi zina gelatini, na gelatini huweza kuwa ya nguruwe. Usinunue isipokuwa imebainishwa asili yake. Rangi nyekundu ya alama E120 hutokana na wadudu, na wanavyuoni wamekhitilafiana juu yake. Mwulize mwanachuoni unayemwamini. Na aliyeletewa zawadi kisha akaona ina ulevi, asimpe jirani asiyejua kusoma maandishi yale, wala asimpe mtumishi. Kisichokufaa wewe usimpe nduguyo.

Tatu, fikiri hali ya hewa yetu. Mafuta ya kakao huyeyuka katika joto la nyuzi 34 hivi, na wakati wa kaskazi gari lililosimama juani hupita hapo upesi sana. Chokoleti yenye kujazwa malai haidumu. Itazame tarehe yake. Ukifungua ukakuta utandu mweupe juu, si lazima kuwa imeoza. Mara nyingi ni mafuta yaliyoyeyuka yakaganda tena, hailetei madhara lakini ladha imepungua. Ukiiweka ndani ya friji, itie kwanza katika kopo linalofunga, isije ikavuta harufu ya samaki.

Nne, ikumbuke afya ya unayempelekea. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na ikipunguzwa mpaka gramu 25 ni bora. Chokoleti ya maziwa kiasi cha nusu ya uzito wake huwa ni sukari. Kipande kikubwa kimoja chatosha kummalizia mtu hesabu yake ya siku. Nyumba nyingi za pwani zina mgonjwa wa kisukari, naye hupata tabu ya kukataa mbele ya wageni. Mpelekee lozi, korosho au fustaki. Tende ni njema, lakini nayo ina sukari, na mgonjwa yampasa ahesabu kokwa zake.

Tano, mwangalie aliyeitengeneza. Baadhi ya masanduku yana alama ya biashara ya haki, yenye kuonyesha kuwa mkulima amehakikishiwa bei isiyopungua kiwango fulani. Katika Uingereza kitu cha kwanza kupewa alama ya Fairtrade, mwaka 1994, kilikuwa ni chokoleti ya kakao ya Belize. Alama peke yake haitoshi kumaliza dhulma, lakini baina ya anayejulikana alikonunua na asiyejulikana, chagua anayejulikana. Na ukiipata chokoleti ya kakao ya Kyela au Kilombero, ijaribu. Fedha yako haitakwenda mbali na mkulima wako.

Na sita, usione haya kununua vya kwenu. Mwaka 2021 Dubai ilianzishwa chokoleti yenye kujazwa kunafa na fustaki, na kufika 2024 watu wa dunia nzima waliipigia foleni. Walichokipenda ni kunafa, tamutamu ya siku nyingi ya Waarabu. Basi kwa nini sisi tuione halua kuwa ni zawadi ya maskini? Ununue kwa mpishi unayemjua, ya samli hasa, iliyopikwa karibuni. Inuse kwanza, kwani samli iliyokaa hujulikana kwa harufu, na hiliki na zafarani haziwezi kuificha. Bibi anayekaa kizingitini akiuza kashata amesimama motoni tangu alfajiri, na unamjua, na watoto wake unawajua. Mlipe bei yake bila ya kumpigisha kelele. Ukilipa bei ya sanduku la Brussels bila ya kuuliza, kisha ukabishana na bibi yule kwa shilingi chache, hujafanya insafu.

Ndugu msomaji, zawadi ni sunna na hupandisha mapenzi baina ya watu, na wala hatusemi kwamba usinunue chokoleti. Kula vizuri, upeleke vizuri, lakini ujue unachokinunua. Watu wa Birmingham walipewa robo ya peni mbele ya kiumbe mwenziwao. Sisi tutasimama mbele ya Hakimu aijuaye kila chembe ilikotoka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali iliyo njema, atuepushe na kula jasho la mnyonge, na azitie baraka sinia zetu na wanaozikaribia. Amin.